Soksi Nyekundu ya Gunnvor

Saa nne asubuhi, boti ya Sigbjørn Heimstad inashikiliwa na nanga moja, mita sitini kutoka kwenye mwamba, na stata yake, mota ya kuwashia injini, imekufa. Ukigeuza ufunguo, injini inajibu "tik", basi. Upepo unavuma kuelekea mwambani. Ni ule ambao watu wa kisiwa hiki cha Norwei huapa kwamba uliwahi kumnyoa kondoo mzima, ukamwachia masharubu.

Gunnvor Heimstad, fundi wa injini mwenye umri wa miaka 59, amefika na stata nyingine ndani ya taulo. Haigusi injini. Kwanza anafungua waya hasi wa betri, anauvika soksi nyekundu ya sufu usije ukagusa betri, kisha anamkabidhi Sigbjørn, mdogo wa mumewe.

"Mikono miwili, shemeji."

"Mwamba ule, Gunnvor! Gusisha bisibisi kwenye zile nati mbili za stata, iwake twende!"

"Itawaka mikono yangu. Shika!"

"Si uufunge tu kwa kamba?"

"Nikiufunga, mikono yako itakwenda kwenye birika la umeme. Nakujua."

Hatanii. Miaka sita iliyopita, kwenye boti nyingine, alizima swichi kuu akadhani inatosha. Mwenye boti akaiwasha tena, achemshe kahawa. Spana ya Gunnvor ilikuwa kwenye nati ya stata, pete yake ya ndoa ikigusa spana na chuma cha injini, na umeme ukapita humo.

"Pete iligeuka kaa la moto," anasema. Kovu jeupe bado linauzunguka mzizi wa kidole. Alikaa miezi miwili bila kazi. Pete sasa hukaa jikoni, kwenye msumari.

Kwa safari kama hii hutoza kroni elfu mbili. Shemeji hulipa ndoo ya samaki.

Analala kifudifudi juu ya injini. Kila waya anaoufungua anaufunga uzi wa rangi yake, asije akakosea kurudisha. Bolti ya juu inatoka. Ya chini haionekani, anaitafuta kwa vidole. Stata ina kilo tisa, na akiiachia itamponda mkono.

Boti inashtuka, kisha inaanza kurudi nyuma.

"Nanga inaburuzika!" Sigbjørn anapiga kelele. "Naenda mbele!"

"Usiachie! Mikono yangu iko ndani!"

"Tutapasuka!"

"Tupasuke nikiwa na vidole kumi. Subiri!"

Anaitoa stata mbovu, anaiweka sakafuni pamoja na spana. Anaonyesha mikono yote miwili, mitupu. Anauchukua waya wenye soksi, anaushika mwenyewe.

"Sasa kimbia."

Sigbjørn anairefusha kamba ya nanga. Kila mita ya kamba inawasogeza mwambani, lakini bila kamba ndefu nanga haitashika. Hatimaye inang'ata chini. Zimebaki mita ishirini na tano, na ndege waliotua mwambani wanahesabika mmoja mmoja. Sigbjørn anarudi na kuukumbatia waya bila kuambiwa.

Stata mpya inaingia. Bolti mbili. Nyaya, uzi kwa uzi. Gunnvor anakagua kila nati kwa kidole, polepole, huku Sigbjørn akimnong'oneza Mungu maneno ambayo mchungaji wao hajawahi kuyafundisha. Waya hasi unarudi wa mwisho.

"Geuza."

Tik. Injini inakohoa, inanguruma. Wanaivuta nanga, na mwamba unabaki nyuma ukiosha miguu yake.

Kisiwa kina boti 31. Gunnvor ameshafuma soksi kumi na nne, na anataka kila boti iwe na yake kabla ya msimu wa samaki wa Januari.

"Na mwenye boti nimfundishe kuishika. Mimi nazeeka, na mawe hayazeeki."

"Yangu utanifumia lini, shemeji?"

"Chukua hiyo hiyo. Umeilowesha jasho, nani mwingine ataitaka?"

Sigbjørn anaitia mfukoni. Halafu anamtazama Gunnvor, anaitazama swichi ya birika, anasubiri.

"Haya," anasema Gunnvor. "Chemsha."