Mablanketi Ambayo Nyanya Hakuyaomba

Wiki chache zilizopita nilikuwa natoka Nairobi kwenda Nakuru, na tulipopita Gilgil nikamwomba dereva asimame pale uwandani nilipokulia. Nilitaka kununua viazi tu, usidhani nilienda kulia. Sikuwa nimekanyaga pale kwa miaka mingi, na mwanzoni nilifikiri tumekosea njia. Siku hizi kuna maduka ya orofa, kuna kituo cha petroli, kuna hata saluni yenye kioo kirefu. Nje ya duka la vifaa vya ujenzi alikuwa ameketi mzee mnene kwenye kiti cha plastiki, na vijana wa chuo kikuu walikuwa wamemzunguka wakimrekodi kwa simu. Nilimjua kabla sijasikia sauti yake. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kambi yetu ya wakimbizi, iliyokuwa palepale.

"Mzee, mlitokaje kwenye umaskini?" msichana mmoja alimuuliza.

"Ni umoja na uongozi," akasema. "Hawa watu nimewainua na hii mikono yangu. Walikuja hapa hata hawajui watalala wapi."

Aliniona nimesimama na mfuko wangu wa viazi, akaniita madam, akanikaribisha nisikilize. Hakunitambua. Nami sikumsalimu. Mtu wa aina ile ukimjibu unampa nafasi ya kuongea zaidi, na ameongea vya kutosha. Nilirudi garini. Lakini wewe rafiki yangu nitakueleza, maana wale vijana wataandika alichosema, na walimu wao watawapa alama nzuri.

Kwanza ujue kwamba hatukuzaliwa maskini. Mama alikuwa amefariki, na nyanya ndiye aliyenilea katika shamba lake karibu na Elburgon, upande wa msitu. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba ng'ombe ulimsikia kabla ya kumwona. Misumeno ya kupasua mbao ilianza kulia tukiwa bado tunakunywa uji, na harufu ya unga wa mbao mbichi ilikaa kwenye sweta zetu hata zikifuliwa. Kazi yangu ilikuwa kupeleka maziwa barabarani, kisha nikirudi nipalilie minji, yaani njegere. Jioni tulikula viazi vilivyochemshwa na maganda yake, kwa chumvi na maziwa ya moto, na nyanya alikuwa akisema kwamba mtu akishiba hivyo hana sababu ya kwenda kuangalia sufuria ya jirani.

Baada ya uchaguzi ule uliogeuka vita, majirani tuliokuwa tukiazimana nao chumvi walikuja na moto. Sitasimulia mengi. Ninachokumbuka vizuri ni ghala la viazi likiungua, na ile harufu, kama ya viazi vya kuchoma jivuni. Nilikuwa mtoto mwenye njaa. Nilimeza mate.

Lori lilitushusha uwandani, kwenye ardhi nyeupe isiyo na mti wa maana, ila vichaka vya leleshwa. Tulipewa hema. Mvua ilikuwa imekataa mwaka ule, na mwaka uliofuata pia. Upepo ulianza mchana, ukabeba vumbi jeupe kama unga na kulipaka kila kitu, hadi ugali wenyewe ukakwaruza meno. Mahindi ya msaada yalikuwa ya njano, magumu, na ukiyachemsha na maharagwe yawe githeri ulimaliza kuni za siku mbili. Hata hivyo sitakudanganya, tulicheza. Tulifunga mifuko ya plastiki kwa kamba tukairusha kama tiara. Moshi wa leleshwa wakati wa jioni, mtamu kama dawa ya kifua, bado naupenda kuliko manukato yoyote niliyonunua.

Na wageni walikuja. Walikuja na magari meupe, na makoti yenye mifuko mingi isiyo na kitu. Waliinama hema hadi hema, wakauliza tunajisikiaje. Walipenda watoto wenye kamasi. Mtoto aliyepanguswa pua hakupigwa picha, nasi tukajua, tukaacha kujipangusa. Mwalimu wetu, kijana aliyetufundisha kwenye hema la shule, alitutungia wimbo wa kukaribisha wageni, na kwa miezi mingi tuliuimba vizuri zaidi kuliko tulivyojua kuzidisha.

Mwenyekiti ndiye aliyekuwa mkubwa wa hayo yote. Kule nyumbani alikuwa mtu wa kubeba magogo, na simdharau kwa hilo, kubeba magogo ni kazi. Namdharau kwa kile alichojifunza uwandani: kwamba shida ya watu wengine inaweza kuwa shamba lako, ukailima, ukavuna, ukapanda tena. Hema lake lilikuwa na mlango wa mbao.

Nyanya alichoka na hema. Alianza kukata fito za leleshwa, akazipanga, akazifunga kwa kamba za mifuko, nami nikakanda matope kwa miguu kila nilipotoka shule. Maji ya kukandia tuliyatoa mbali kwa jerikeni. Jirani yetu wa hema la pili, mama mmoja mwenye mdomo mkali, alisimama mkono kiunoni akatucheka.

"Shosho, kwani umeamua hapa ndio kwenu?"

"Nimeamua sitalala ndani ya mfuko," nyanya akamjibu.

Nyumba ilipoisha ilikuwa imepinda upande mmoja, lakini ukifunga mlango upepo ulibaki nje. Sijawahi kulala usingizi kama ule.

Ndipo mwenyekiti alipokuja. Alikataa kuketi. Alisema wageni wakubwa wanakuja kutoka ng'ambo, watu wenye uwezo, na kwamba wakikuta nyumba watasema hapa hakuna shida.

"Shosho, hebu ibomoe kidogo tu. Utajenga tena wakienda."

"Unajenga wewe?"

"Ni kwa ajili ya watu wote. Usituharibie."

"Mwenyekiti," nyanya akasema, bado anaosha sufuria, "mimi si ng'ombe wa shoo ya kilimo. Hunipeleki kupimwa mbavu."

Hakubomoa. Basi asubuhi ya wageni, nyanya alipokuwa ameenda kuteka maji, mwenyekiti alileta vijana wake wakaifunika nyumba yetu na turubai, wakaifunga chini kwa mawe, ikaonekana kama hema lingine. Mimi nilikuwa shuleni nikifanyishwa mazoezi ya wimbo. Nilipoona lile turubai kwa mbali nilidhani nyumba imetoweka.

Nyanya alirudi, akatua jerikeni, akaliangalia lile turubai. Aliingia ndani kwa kuinama, na alipotoka alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani, ile ya bluu, ndiyo pekee iliyookoka, na kitambaa cheupe kichwani. Magari yalikuwa yameshafika. Wageni walipokaribia aliondoa mawe moja moja, akavuta turubai likaanguka, akasimama mbele ya mlango wake.

Kulikuwa na mgeni mmoja, mama mzungu mwenye nywele nyeupe, aliyeonekana kufurahi. Akamwuliza nyanya kwa Kiingereza anahitaji nini. Mwenyekiti akatafsiri.

"Mwambie sihitaji kuonewa huruma," nyanya akasema. "Mwambie anitafutie mbegu ya viazi, halafu mniache nifanye kazi."

Mwenyekiti akatabasamu, akamgeukia yule mama. Kiingereza changu kilikuwa cha wimbo na salamu tu, lakini nililijua neno la baridi, na neno la blanketi. Alimwambia kwamba bibi huyu anashukuru sana, na kwamba wakati wa baridi anateseka, anaomba mablanketi. Mwalimu wetu alikuwa amesimama karibu nao. Yeye alielewa kila neno. Nilimtazama nikingoja aseme kitu, naye akaangalia viatu vyake, kisha akainua mkono, akatuashiria tuanze kuimba. Tukaimba. Nasikia siku hizi ni mtu mkubwa wa elimu huko Nakuru, na sishangai hata kidogo.

Nilimweleza nyanya jioni. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha puani.

Mablanketi yalikuja kweli, ya kijivu, ya kuwasha mwili. Yale yaliyopita mkononi mwa mwenyekiti salama yaligawanywa, nasi tukapata yetu, maana yule mama mzungu alikuwa amesisitiza. Nyanya aliyafunga mgongoni akaenda nayo hadi soko la Gilgil, akarudi na gunia la mbegu ya viazi. Habari zilifika kwa mwenyekiti kabla nyanya hajatua mzigo. Akaita mkutano, akasema kuna watu wanaaibisha kambi, wanauza msaada, na watu hao hawatapewa mahindi tena. Hakututaja. Hakuhitaji, kila kichwa kiligeuka.

Hapo ndipo njaa ilipotushika sawasawa. Nyanya hakukubali tule mbegu. Niliomba, nililia, nikamwita mbaya. Alizika kila kiazi kwenye matuta nyuma ya nyumba huku nikimwangalia kwa chuki. Aliyetuokoa ni yule jirani mwenye mdomo mkali. Kila magharibi alipenyeza bakuli la githeri mlangoni mwetu, akiendelea kumtukana nyanya kwa sauti ili mwenyekiti asikie.

Mvua ilipokubali hatimaye, ilikuja kama imetumwa kulipiza. Maji yaliteremka kutoka vilimani yakapita katikati ya kambi, yakabeba sufuria, kuku, na mahema mengi. Ghala la mahindi ya msaada lililowa, likaoza. Ukuta mmoja wa nyumba yetu uliyeyuka tukiwa ndani. Nilidhani nyanya atakata tamaa, lakini yeye alikimbilia matuta. Yalikuwa upande ulioinuka, na mengi yalisimama. Tulikula viazi msimu ule, sisi na jirani na watoto wake, wakati mwenyekiti akiwangoja wageni wa mafuriko. Walikuja pia. Tukaimba wimbo uleule, neno moja limebadilishwa.

Msimu uliofuata watu waliomba mbegu kwa nyanya, akawapa, hata wale waliogeuza vichwa. Tukaanza kuuza viazi kwa ndoo kando ya barabara kuu. Karo yangu ilitoka hapo. Mabati ya kwanza uwandani yalitoka hapo. Kuinuka kwetu kiuchumi, kama wanavyokuita kwenye makongamano, kulikuwa ni mgongo wa wanawake ulioinama. Mwenyekiti alifungua duka la kuwauzia misumari.

Sasa karibu yote hayo hayapo. Leleshwa imekatwa ikawa makaa. Jirani alihamia kwa mwanawe, na nilipopata habari za kifo chake alikuwa ameshazikwa. Nyumba ya matope niliibomoa mimi mwenyewe nilipomjengea nyanya ya mawe palepale uwandani, naye hakunisaidia, alienda kanisani siku hiyo yote.

Kabla hajafa aliniomba nimpeleke Elburgon mara moja. Tulienda. Misumeno ilikuwa kimya, msitu umerudi nyuma mbali, na jua liliwaka mahali tulipokuwa tukitetemeka. Shamba letu lilikuwa limelimwa na watu wengine. Mwanamke kijana alikuwa ndani akipalilia viazi, na alipotuona alisimama, jembe mkononi, akiogopa. Alikuwa mdogo mno kuwa na hatia yoyote. Nilimshika nyanya mkono, nikijua kwamba sasa atalia, na mimi nitalia, baada ya miaka yote ile.

Nyanya aliegemea ua akaangalia mistari ile ya viazi kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Amepanda karibu karibu sana," akasema. "Twende nyumbani."