Mstari mtupu wa Tata Kalenga

Tata Kalenga, katekista wetu pale Musonoi, alifundisha kila somo mbiombio isipokuwa la Melkisedeki. Hapo ndipo alipokuwa hana haraka. Kuhani anamletea Abrahamu mkate na divai, kisha anatoweka, na Maandiko yanasema hana baba wala mama. Sasa ni nani? Wengine walisema malaika, wengine Kristo kabla hajazaliwa. Tata Kalenga alikuwa akiwaka.

"Alikuwa na mama! Bale baliandika, habakumuuliza tu."

Tulicheka chini chini, maana tulijua anajisemea mwenyewe. Aliachwa sokoni akiwa mchanga, akaokotwa na Mama Mbelu, aliyekuja kutoka Kasai na mumewe aliyeletwa kufanya kazi mgodini. Kwenye kadi yake ya ubatizo, mstari wa baba ulikuwa mtupu na wa mama vilevile. Padri wa wakati ule alikataa kumwandika Mbelu kwa sababu hakumzaa. Kalenga aliwasumbua mapadri watatu juu ya mstari ule mpaka akaota mvi.

"Bukari njo ilikulisha, haiko karatasi," Mbelu alikuwa akimwambia, akimpakulia ugali. Hakusikia.

Mwaka wa tisini na tatu watu wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa mkoani kwetu, warudishwe kwao kwa treni. Vijana wenye marungu walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza kila mtu mama yake ni wa wapi. Mimi ni jirani, nilikuwa uani kwetu, na niliona yote. Kabla Kalenga hajafungua kinywa, Mbelu alichomoa ile kadi kwenye fundo la kitenge chake. Alikuwa ameiweka tayari.

"Uyu haiko mutoto yangu," akasema. "Muangalie: tata hakuna, mama hakuna. Anapangaka tu kwangu."

Kijana mmoja akaisoma, kisha akamgeukia Kalenga na kumrudishia.

"Njo vile, tata?"

"Napangaka tu," akajibu.

Nilimsikia kwa masikio yangu. Mbelu, bibi wa miaka sabini na kitu, akabeba blanketi na sufuria moja, akasukumwa kuelekea stesheni.

Siku tisa Kalenga hakutoka nyumbani. Sikumpelekea hata maji ya kunywa. Nilimchukia, nasema wazi, ingawa na mimi nilikuwa nimesimama uani kimya. Siku ya kumi akaja mlangoni kwangu, macho mekundu.

"Elise, unisindikize."

Stesheni, watu walikuwa wamelala nje majuma mazima wakingoja mabehewa, na kuhara kulikuwa kumeingia. Tulimpata Mama Charlotte, ambaye alikuwa amegawana mkeka na Mbelu.

"Tulimuzika juzi," akasema. "Weye uko nani yake?"

Kalenga akamnyoshea kadi. Kwenye mstari wa mama alikuwa ameandika Mbelu, kwa mkono wake mwenyewe, wino haujapoteza rangi.

"Niko mutoto yake."

Mama Charlotte hakuipokea. Alimtazama kwa hasira, kama anavyotazamwa mtu anayekuja msibani kutafuta chakula.

"Usimusingizie marehemu, tata. Tulimuuliza mara mbili tumuitie nani. Alisema hakuzala, hakulea."