Upande Mzima wa Santuri

Kamati ya mazishi ilikuwa imeketi chini ya hema, upande wa jikoni, na mimi nilikuwa nimesimama. Anayekuja kuomba jambo lisilo la kawaida ni afadhali asimame. Nikasema nilichotumwa kusema: marehemu aliomba kwamba siku ya kuzikwa kwake ichezwe santuri moja, upande wa pili, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Ni wimbo gani?" akauliza mwenyekiti. Alikuwa mwana wa kwanza wa marehemu, mwanamume mwenye kazi nzuri Nairobi na adabu nzuri pia.

"Wa Waingereza fulani. Roki ya zamani, ya miaka ya sabini."

"Na ni ya dakika ngapi?"

"Karibu ishirini."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka jinsi watu waliochoka wanavyocheka wakipata sababu. Mzee mmoja wa kanisa akafuta macho, akasema, "Dakika ishirini! Hata pasta hatujampa hizo."

Marehemu alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, na Kibwezi nzima ilimwita Sista, pamoja na watu waliokuwa wakubwa kuliko yeye. Nilimfahamu kwa njia ambayo naweza kuieleza kwa mpangilio, kwa kuwa kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuandikia gazeti habari za Kitui na Makueni, na mazoea hayo hayajaniacha.

Nilikuwa nimeshuka Kibwezi kuandika kuhusu wakulima wa vitunguu wanaotumia maji ya mto. Nikasimama kununua mahindi ya kuchoma. Mama aliyeyachoma alikuwa akipepea jiko kwa kitu kipana cha rangi, na moshi ulipopisha nikaona picha: punda mweupe amesimama juu ya maji, na nyuma yake mlima wenye mlango. Lilikuwa jalada la santuri. Nikamwomba aniuzie.

"Wewe ni wa pili," akasema. "Sista wa hospitali alikuja jana, akanunua ile sahani ya ndani, nilikuwa nafunikia mtungi. Hii nikamkatalia. Hii ni kipepeo nzuri, haishiki moto haraka."

Nikamnunulia kipepeo cha ukili pale pale sokoni, tukabadilishana, kisha nikaenda hospitalini nikiwa na jalada lisilo na santuri, kumtafuta mwanamke mwenye santuri isiyo na jalada. Alitoka wodini akijifuta mikono. Akalitazama jalada, akanitazama mimi na kofia yangu ya kiua.

"Mswahili mzima," akasema. "Kwani taarabu imekukosea nini?"

"Na wewe Mkamba," nikamjibu, "gitaa za benga zimekukosea nini?"

Urafiki wetu ulianza hapo. Baadaye tulifuatilia tukagundua kwamba santuri ile ilikuwa mojawapo ya nyingi zilizoachwa na meneja mzungu wa shamba la mkonge alipofunga nyumba akarudi kwao. Zilikuwa zimetawanyika mjini kote. Moja ilikuwa ukutani kwa kinyozi, badala ya saa iliyoharibika. Mbili zilikuwa chini ya miguu ya kitanda, kuzuia mchwa. Tulizikusanya moja moja, kwa kuuliza tu, na Sista hakuna aliyemnyima kitu kwa muda mrefu, kwa sababu karibu kila nyumba aliyobisha alikuwa amemzalisha mtu ndani yake.

Muziki wenyewe sijui niueleze vipi kwa asiyewahi kuusikia. Wenyewe huuita roki ya kimaendeleo, jina ambalo huku Ukambani litamfanya mtu aulize barabara iko wapi. Ni nyimbo ndefu. Kinanda huanza peke yake kama mtu anayetafuta funguo gizani, ngoma zinaingia, zinabadilisha mwendo kabla hujauzoea, na mwimbaji anaweza kukaa kimya mpaka ukasahau kwamba yupo. Ukiukata katikati hujapunguza wimbo, umeuvunja. Ndiyo sababu kanuni yetu ilikuwa moja tu: upande ukianza, unaisha.

Kanuni ya kugawana tuliichukua kwa mwethya. Kila mtu wa Ukambani anaujua mwethya: kikundi kinalima matuta kwa mmoja leo, kwa mwingine wiki ijayo, mpaka wote wafikiwe. Sisi tulifanya vivyo hivyo kwa santuri. Zamu ya nyumba ikifika, mwenyewe anapika, santuri zote zinakwenda kwake, na hubaki kwake mpaka zamu nyingine. Hakuna aliyesema hii yangu. Mbali na Sista na mimi alikuwapo mchomeleaji vyuma wa Zombe, aliyeiunganisha mashine yetu ya kuchezea santuri na betri ya sola ili isitegemee stima, na msafirishaji mifugo wa Mwingi, Msomali, ambaye lori lake lilizihamisha sahani zetu kati ya kaunti mbili likiwa limepakia mbuzi. Mke wangu alikuja mara kwa mara. Alilala usingizi mzuri kila upande wa kwanza, na akasema hiyo ndiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote.

Watu walisema. Kwamba mwanamke mjane anafuata nini kwa wanaume watatu. Kwamba yule punda ni alama ya mashetani. Msikitini kwetu nilishauriwa kwa upole, na kanisani kwao Sista alishauriwa bila upole. Pasta, kijana mwenye sauti kubwa, alimwendea nyumbani kumwambia kwamba muziki ule una pepo.

"Pasta," Sista akamwambia, "wewe ulizaliwa katika mikono hii. Ulilia kwa sauti mbaya kuliko hiyo ya ndani ya santuri, na sikukuombea pepo likutoke. Nilikufunika tu."

Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye kwaya, mstari wa mbele, kama kawaida.

Alipougua tulipeleka santuri kwake ingawa haikuwa zamu yake. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa ameegemea mito, amepungua sana, lakini maneno hayakuwa yamepungua.

"Wewe ndiye unajua kufuata mambo hadi mwisho," akaniambia. "Mkinizika, mcheze ule upande wa pili. Wa punda. Wote. Wataniimbia, sawa, nyimbo zao nazipenda. Watahubiri, sawa. Lakini hicho kimoja ni changu, nilikichagua mwenyewe. Wasinizike kama mtu ambaye hakuchagua kitu."

Nikamwahidi. Hilo ndilo nililolipeleka kwa kamati.

Mwenyekiti alisubiri kicheko kiishe. "Mzee, tunakuheshimu," akasema. "Lakini mama alikuwa mtu wa kanisa. Hizi zilikuwa… tuseme, mambo yake ya kupitisha wakati. Tufanye hivi: mwili ukiingia uwanjani, mcheze kidogo. Kama dakika moja. Halafu kwaya inaendelea."

"Kidogo hapana," nikasema.

"Ni dakika moja zaidi ya zile wengine wangekupa."

"Alisema mzima. Kipande sitacheza. Afadhali nirudi nayo Kitui."

"Basi rudi nayo," akasema mzee wa kanisa, na mazungumzo yakahamia kwa idadi ya viti.

Sisi kwetu mtu huzikwa siku hiyo hiyo, haraka, na muziki haupo kabisa, kwa hiyo mazishi ya marafiki zangu Wakristo nimeyatazama miaka yote kama mgeni. Kitu kimoja nimejifunza: programu ikishachapishwa, haiguswi. Ni rahisi mtu kubishana na pasta kuliko kubishana na karatasi ile. Ilipotoka, tukaisoma tukiwa tumeegemea lori la msafirishaji. Kulikuwa na sehemu iliyoandikwa *Marafiki na Vikundi*, kila msemaji dakika tatu.

"Sheikh," msafirishaji akaniambia, "hapa umeandikwa?"

"Nimeandikwa."

"Mimi pia. Na huyu fundi pia. Sasa dakika zangu tatu, walahi, nani ataniambia nizitumie namna gani? Nikitaka nisimame ninyamaze, nitasimama ninyamaze."

Tukatazamana. Dakika zetu watatu hazikufika popote. Tulihitaji za wengine, na waliobaki kwenye orodha karibu wote walikuwa wanawake wa mwethya wa Sista, ule wa majembe wa kweli, ambao mwenyekiti wao ni mama mnene wa maneno machache. Tukamkuta akipepeta mchele. Nikamweleza.

"Hiyo kelele sijawahi kuipenda," akasema bila kuacha kupepeta. "Nilimwambia hata yeye. Nikamwambia, mwaitu, mama yangu, hii ni kama mtu ameangusha sufuria kwa ngazi."

"Alisema nini?"

"Alisema nisubiri, sufuria zitapangika." Akatupa makapi pembeni. "Lakini shamba langu amelima, na hakuniuliza kama anapenda kunde ama hapendi. Chukua dakika zangu. Za hawa wengine nitakuletea."

Siku ya mazishi jua lilikuwa kali na uwanja umejaa. Mchomeleaji alikuwa ameiweka mashine juu ya meza ndogo karibu na jeneza, ameunganisha waya mmoja hadi kwenye spika kubwa za kukodisha. Emsii, mwongozaji wa shughuli, alidhani ni vyombo vya mtu wa video.

Sehemu yetu ikafika. Nikaitwa wa kwanza. Nikachukua kipaza sauti nikasema, "Dakika zangu nazitoa kwa santuri ya Sista," nikakirudisha. Msafirishaji akaja akasema hivyo hivyo. Fundi naye. Kisha wanawake wakaanza kusimama, mmoja mmoja, kila mmoja akilitaja jina la kikundi na neno lile lile, *nazitoa*, na emsii akawa anaitazama karatasi yake kama iliyomgeuka. Watu walianza kunong'ona. Mwenyekiti wa kamati alikuwa ameketi mstari wa familia, mikono juu ya magoti, hatikisiki.

Nikaweka sindano.

Kinanda kilitoka kwenye zile spika kubwa kikaenda mpaka barabarani. Mzee wa kanisa akafumba macho kwa maumivu. Mtoto akaanza kucheza, mamake akamkalisha. Ngoma zilipoingia mtu nyuma yangu akasema, "Hii inaanza ama inaisha?" Mwenzake akamjibu, "Hata wao hawajui." Nilisikia vicheko. Sikujali. Kucheka si kukata.

Hatukuwa tumefika hata nusu magari mawili yalipoingia kwa kasi, na mheshimiwa, mbunge wa eneo hilo, akashuka akisalimia kwa mikono miwili. Emsii alipata uhai. Akainama sikioni pangu.

"Mzee, zima. Mheshimiwa ana mazishi mengine mawili."

"Dakika zetu hazijaisha."

"Usinilazimishe."

"Sijakulazimisha. Karatasi umeandika wewe."

Akanikazia macho, kisha akaenda kwenye mitambo akang'oa waya wetu. Spika zikakufa. Akashika kipaza sauti, akafungua mdomo kumkaribisha mgeni.

Ila mashine yetu ina spika yake ndogo, isiyozidi kiganja, na sahani haikuwa imesimama. Sauti ilikuwa pale pale mezani, nyembamba kama redio ya jirani. Waliokuwa karibu waliisikia. Waliokuwa mbali hawakuisikia, wakataka kujua kama imeisha.

Mama wa mwethya ndiye aliyeinuka kwanza. Alibeba kiti chake cha plastiki, akakileta, akakiweka karibu na meza, akaketi akielekeza sikio. Wenzake wakamfuata. Wakaja wauguzi waliofanya kazi na Sista. Vijana wakaja, nadhani kwa udaku. Mahema yalianza kubaki na viti vitupu, na kwa kuwa sauti ilikuwa ndogo, kila aliyekaribia ilimbidi anyamaze, na aliyenyamaza akamnyamazisha mwenzake. Emsii alisema, "Tafadhali turudi kwenye viti vyetu," akasema tena. Kipaza sauti kilikuwa kikifanya kazi vizuri kabisa. Mheshimiwa alisimama kando ya mistari ya viti, akatazama saa, akatazama migongo ya watu, mwishowe akavua kofia.

Mwana wa kwanza alikuja akasimama upande wa pili wa meza. Nilidhani amekuja kuizima, na nikauweka mkono wangu karibu na sahani, tayari kumzuia mbele ya jeneza la mamake ikibidi. Hakuigusa. Alikuwa anatazama lebo ikizunguka.

"Hii ndiyo alikuwa anacheza tukienda shule," akasema, kwa sauti ya kujisemea. "Tulikuwa tunaondoka kabla haijaisha."

Mwimbaji akaingia. Kuna mahali karibu na mwisho ambapo vyombo vyote, vilivyokuwa kila kimoja kikienda njia yake, hukutana, na huwa nasubiri hapo nione uso wa anayesikia kwa mara ya kwanza. Safari hii sikujua nimtazame nani, walikuwa wengi mno. Mama wa mwethya alitikisa kichwa mara moja, kama anayekubali hoja asiyoipenda.

Kisha ikaisha. Sindano ikafika kwenye mfereji wa mwisho, sahani ikazunguka bila kutoa kitu. Nikainua mkono wa mashine, nikairudisha sahani ndani ya jalada, nikamtazama emsii, ambaye bado alikuwa ameshika kipaza sauti kile.

"Sasa," nikamwambia, "endelea na programu yako."