Mkalimani wa Sinema ya Mapenzi

Sinema ya kwanza ya mapenzi niliionea ndani ya ghala la kahawa, kule kijijini kwetu Ruanda, upande wa Tunduma, mchana kweupe. Madirisha yalizibwa kwa magunia ili pawe na giza. Nilikaa mbele kabisa na wasichana wenzangu, moyo ukinienda mbio, maana aliyesimama kando ya kile kitambaa cheupe na kipaza sauti mkononi alikuwa mchumba wangu. Alikuwa mwalimu, Kiingereza alikijua, basi wenye gari la sinema wakamwomba atafsiri.

Jembe la posa alikuwa ameshalileta nyumbani. Neno tamu hakuwa ameniletea hata moja. Yeye na mvua, yeye na mahindi, basi. Nikajiambia, leo atake asitake atayatamka, japo ni maneno ya Mzungu, nami nitajua kama ndani mwake mna kitu.

Yule Mzungu wa kwenye sinema alimshika mwanamke wake mkono barazani, akasema mengi, macho yamemlegea. Mchumba wangu akakohoa.

"Anamsalimia," akasema kwa Kinyiha.

Mwanamke akalia.

"Anauliza kama huko mvua imenyesha."

Watu wakapiga miayo. Mzee mmoja, aliyezoea sinema za ufugaji, akauliza kwa sauti ng'ombe watatokea saa ngapi. Wale wawili wakakumbatiana, na mchumba wangu, uso ameuinamisha, akasema, "Wanaagana." Ikaisha.

Nilitoka nimepoa kama uji uliolala. Kuzeeka na mwanamume wa mbao? Thubutu! Wiki haikuisha, nikamwomba baba alirudishe jembe, na sababu sikumwambia mtu. Mwenyewe hakuja kuuliza. Alivuka mpaka pale Tunduma, akaenda kwenye migodi ya shaba, baadaye nikasikia ameoa hukohuko.

Mimi sikuolewa. Waliokuja baadaye walijua kusema, tena walisema mno. Baba akafariki, nikabaki na mama na miti yetu ya kahawa.

Mama alipougua, asubuhi moja namnywesha uji, akaanza kucheka peke yake. Akanieleza kwamba siku ile ya sinema naye aliingia, akiwa amechelewa, akasimama nyuma penye magunia.

"Yule kijana aliniona mlango ulipofunguka. Akainamisha uso, hakuuinua tena. Mkwe mwenye adabu yule! Angeyatamkaje mambo yale mbele yangu?"

Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kutaja mapenzi akiwa anasikia.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Niliona haya, mwanangu. Mimi ndiye niliyepaswa kutoka. Na wewe hukusema kwa nini ulimkataa."

Nililiweka bakuli chini, nikalia mbele yake bila aibu.

Sasa mama naye hayupo, na upweke unaniuma kweli. Nikipalilia kahawa, huitafsiri sinema ile upya, kwa sauti ya yule mchumba wangu, tangu pale barazani hadi mwisho. Kiingereza sikijui, basi maneno nayabuni mwenyewe.