Kiu ya Bugenvilia

Kwa heshima na taadhima, wakazi wote wa Umoja, Kayole, Komarock na vitongoji vyake mnatangaziwa kwamba bugenvilia za bustani ya umma zimechanua. Mgeni wa heshima: hakuna. Hotuba: hakuna. Hema na viti: hakuna. Aliyesababisha haya yote ni Bwana Lusweti, mtunza bustani, mgane, mpika ugali wa mtu mmoja, ambaye asubuhi ya leo amefua ovaroli, akainyoosha kwa pasi ya makaa, na sasa anafagia mahali alipokwisha kufagia, akijifanya hangojei mtu.

Anangoja bibi harusi.

Habari za harusi alizipata mwezi uliopita, kwa mama mmoja wa kupanga sherehe aliyekuja kukagua bustani akiwa na viatu virefu vilivyozama nyasini kila hatua, utadhani anatoboa mashimo ya kupandia mahindi. Alisema Agosti ikiisha ataleta maharusi wapigwe picha. Akawaonyesha wafanyakazi sura zao kwenye simu. Lusweti akachungulia. Alikuwa Lorine, binti wa dada yake Everline.

"Huyo ni mtoto wangu," Lusweti akasema.

Yule mama akamtazama kuanzia gambuti hadi kofia. "Sawa, mzee," akajibu, kwa ile sauti ya kumjibu mlevi anayedai ana shamba Karen kwa matajiri.

Lakini Lusweti hakuwa mlevi, wala hakuwa mwongo. Miaka ile Everline alipokuwa akiuza mitumba Gikomba, akitoka jogoo bado amelala na kurudi kuku wamelala, walikuwa wakiishi wote watatu chumba kimoja Umoja. Aliyekuwa akimtoa Lorine nasari ni mjomba. Kila jioni mjomba alimletea mfuko mmoja wa petali za bugenvilia. Mtoto alizilamba, akazibandika kwenye kucha, akazunguka ploti nzima mikono ameitandaza, akikataa kushika hata kijiko. Ugali alilishwa, kama malkia.

Kisha mitumba ikakubali. Everline akahamia mtaa wa Fedha, kwenye nyumba zenye lango na mlinzi. Lusweti akaoa, mke akafariki, na Jumapili zikawa ndefu. Akaanza kwenda Fedha kwa chakula cha mchana. Siku moja akakuta mlinzi mpya.

"Unaenda kwa nani?"

"Kwa dada yangu."

"Mpigie."

Simu ikalia mpaka ikachoka. Jumapili iliyofuata, vilevile. Baada ya hapo hakwenda tena. Hakuna aliyegombana na mwenzake, na huo ndio ubaya wenyewe: ugomvi una wazee wa kuusuluhisha, kimya hakina. Tena harusi za siku hizi hutangazwa WhatsApp, na simu ya Lusweti ni kabambe, ya kubonyeza kwa kidole gumba. Ina tochi kali sana. Ingeweza kummulikia njia ya kwenda harusini, ila haikuweza kumwambia harusi iko wapi.

Basi akaamua kwamba kama yeye hawezi kwenda harusini, harusi itamkuta kazini, na itamkuta na maua.

Sasa, bugenvilia ina tabia za mwanasiasa. Ukiishibisha, inakuletea majani matupu. Ukiinyima, ndipo inapokukumbuka. Lusweti akazikata ncha, akazifungia maji, akakaa kuzitazama zikinyauka.

Mwenzake Kavutha, mama wa kutoka Machakos ambako maji hayafanyiwi mzaha, alishindwa kuvumilia.

"Mzee Lusweti, wewe ni Mkristo kweli? Kiumbe cha Mungu kinakauka na mpira wa maji uko hapa!"

"Kiache."

"Kwetu tunapanga mitungi tukilia, wewe unanyima!"

"Kavutha, ukiimwagia hata tone, harusi ya mtoto wangu itapigwa picha na majani."

"Mtoto wako gani? Yule hajakualika?"

Lusweti akaenda kupalilia maua ya kana, ambayo hayakuwa na magugu. Saa ya chakula Kavutha akaja, akamwekea nusu chapati juu ya toroli, akaondoka bila neno.

Watu wa mtaa nao hawakubaki nyuma. Jamaa mmoja mwenye makao yake ya kudumu kwenye benchi akatangaza kwamba lazima kuna mtu amekula pesa za maji. Mama mmoja wa maombi akapita akizikemea bugenvilia kwa jina la Yesu. Lusweti akamezea yote. Usiku alikuwa akijizoeza maneno mbele ya jiko: "Hongera, mama. Umekua." Akaona ni marefu. Akabakiza "Hongera, mama."

Na wiki ya harusi, bugenvilia zikalipuka. Tao zima la njia ya nyuma likawa zambarau, likafunika chuma, likafunika nguzo. Hata jamaa wa benchi aliamka kitako.

Kwa hiyo Jumamosi, siku ya tangazo letu la mwanzo, ikafika, na magari yakaingia yakipiga honi, yamevikwa riboni. Wakashuka wasimamizi waliovaa rangi ya pichi. Akashuka bwana harusi. Akashuka Lorine, mrefu, mweupe pe kwa gauni, na fagio la Lusweti likasimama lenyewe. Kisha wakashuka vijana wawili wamebeba ukuta.

Naam, ukuta. Ukuta wa maua ya plastiki, wenye umande wa gundi. Wakaubeba moja kwa moja mpaka kwenye tao la bugenvilia, wakausimamisha mbele yake, wakaliziba lote.

"Niaje, mzee," mpiga picha akasema. "Sogea kidogo, uko kwa picha."

Lusweti akasogea.

"Kidogo tena."

"Hapa nimefika kwa ua wa kayaba. Una miiba."

"Basi chuchumaa."

Lusweti akachuchumaa. Kutoka chini akasema, "Kijana, maua yenyewe yako hapo nyuma."

"Hayo yanaangukaanguka, mzee wangu. Haya yametulia."

Wakapigwa picha. Wakaruka juu wote pamoja, wakapigwa hewani. Wakashikana viuno. Lusweti alitazama kati ya matawi, magoti yakimuuma, "Hongera, mama" ikiwa tayari mdomoni kama peremende asiyothubutu kuitafuna.

Kisha wakapumzika, na Lorine akaachana na wenzake. Akashika gauni kwa mikono miwili, akaangaza huku na huku, akaja moja kwa moja upande wa ua.

Lusweti akainuka. Akavua kofia.

Kavutha, aliyekuwa mbali kwenye mfereji, hakusikia kitu, ila alishuhudia haya: bibi harusi amesimama mbele ya mzee na kumwinamia. Mzee amefungua mdomo, ameufunga. Kisha mzee ametangulia, akisukuma matawi kwa mgongo wa mkono ili miiba isikamate gauni, na bibi harusi amemfuata taratibu kwenye njia ya nyuma mpaka wamepotelea kwenye miti. Kavutha akaacha mpira umwage maji ovyo. Akajifuta macho kwa leso. Akamsamehe mzee kiu yote ya bugenvilia.

Baadaye honi zikalia, ukuta ukapakiwa, msafara ukaelekea Komarock kula. Vumbi likatulia. Lusweti akarudi, kofia bado mkononi, akaokota fagio.

Kavutha akamjia mbio, gambuti zikipiga kelele. "Nimewaona! Baba, nimewaona kwa macho yangu! Mtoto amekukumbuka! Haya sema, amekwambia nini?"

Lusweti akavaa kofia.

"Ameuliza choo kiko wapi."