Mzee wa Mkuyuni Nangwa na Mfuko Wangu wa Vitunguu Swaumu

Nilikwenda Nangwa kumwombea binti yangu ruhusa ya kusoma. Paulina alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, lakini ameolewa kwa Wadatoga, chini ya Mlima Hanang. Mumewe, Gidamis, alinieleza kwa simu kwamba yeye hana neno, ila baba yake lazima aulizwe kwanza. Nikamkumbusha kwamba baba yake alishafariki, na mimi nilikuwepo mazikoni. Akasema ndiyo, lakini siku hizi yupo kwenye mkuyu.

Asubuhi niliondoka Tumati, kwetu Mbulu, na koti langu la kanisani, mfuko wa vitunguu swaumu begani. Hatuendi ukweni mikono mitupu, na msimu ule shamba halikuwa limenipa kitu kingine cha maana. Basi la kwanza lilinifikisha Haydom, la pili likanishusha Katesh nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Abiria wa pembeni yangu alihama kiti kwa sababu ya harufu ya mzigo wangu. Sikumlaumu.

Alasiri bodaboda iliniacha Nangwa, mbele ya boma la Gidamis.

"Shikamoo baba," Paulina alinipokea.

"Marahaba, mwanangu. Mzee mwenyewe yuko wapi?"

Akanionyesha mkuyu ulio kando ya kijito. Sikuona kitu mpaka kitu kilipogeuza kichwa. Alikuwa nyoka mwembamba, unene wa kidole, kijani kama majani ya maharage, mwenye macho makubwa ya mtu aliyeamshwa ghafla.

"Hana sumu," Gidamis alisema. "Hushuka kukamata vyura tu. Alikuja wiki tuliyomzika baba."

Mama yake, mjane mwenye bangili za shaba mkononi, akanieleza utaratibu wa nyumba yao. Nitasema shida yangu pale chini ya mti. Mzee akitulia, amekubali. Akiondoka, amekataa, na neno hilo halirudiwi.

"Kwanza mwamkie, Baba Paulina."

Nilivua kofia nikasema shikamoo. Sikuitikiwa. Tukaketi.

Nilieleza kwa sauti ya chini bila kurusha mikono, jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko kulima. Mtoto ana akili. Akimaliza masomo atarudi kwa mumewe. Nyoka alitulia. Paulina alikaa nyuma ya mama mkwe wake, ameshika khanga kwa mikono miwili, nami nilishindwa kumtazama. Halafu nyoka akaanza kutoa ulimi mara kwa mara.

"Kwenye huo mfuko kuna nini?" mama aliuliza polepole.

"Vitunguu swaumu. Ni zawadi yenu."

"Kwenu Mbulu mnavifanyia nini?"

"Tunaungia mboga," nikasema. Kisha, kwa kuwa nimezoea kusema kweli hata inaponiponza: "Tena tunaviweka mlangoni kufukuza nyoka."

Gidamis aliunyakua mfuko akaukimbiza hadi zizini, lakini alikuwa amechelewa. Mzee alijivuta tawi kwa tawi, bila haraka, akavuka kijito kwa juu, akapotea msituni. Nilikuwa nimesafiri siku nzima kwenda kumfungia mwanangu mlango. Paulina aliinamisha kichwa.

Mama aliutazama mti mtupu kwa muda.

"Huyo siye," akasema.

"Mama," Gidamis akasema, "si wewe uliyetuambia ni baba?"

"Baba yako hakuwahi kuondoka mahali watu wanapoongea habari za watu. Huyo ni nyoka tu. Paulina aende."

Kesho yake asubuhi tuliondoka, Paulina na begi lake, Gidamis akitusindikiza. Nilipogeuka kuaga, nyoka alikuwa amerudi kwenye tawi lake, na mama amesimama chini, uso juu, akiongea Kidatoga kwa sauti ya kubembeleza. Nikamuuliza Gidamis anasema nini.

"Anamwomba baba msamaha," akasema. "Anamwambia jana alimkana kwa ajili ya Paulina, mkwe wake."

Nilikwenda nikiamini kwamba Paulina hana mtetezi mwingine zaidi yangu. Nimejifunza kwamba binti yangu anapendwa ukweni kuliko nilivyothubutu kuomba.