Dirisha Lililotazama Njia ya Zizi

Miaka michache kabla ya uhuru, mume wangu alirudi kutoka mashamba ya chai ya Kericho akiwa na fremu ya dirisha. Aliibeba kichwani toka Sirari, pale mpakani, hadi kwetu Nyanungu, akatoboa ukuta wa chumba chetu, akaipachika. Boma zima la baba mkwe halikuwa na dirisha jingine la mbao. Nilikuwa nimeolewa mwaka uleule, na lile dirisha lilinipa kiburi. Nilikuwa nalifungua asubuhi hata kabla ya kuwasha moto.

Lilitazama njia itokayo zizini. Hilo hatukuliwazia.

Kwetu mke wa kijana na baba mkwe hawapeani mkono wala hawatazamani usoni. Nikikutana naye njiani, nilikuwa naingia majanini mpaka apite.

Asubuhi moja nilikuwa naoga chumbani kwenye karai, dirisha wazi, nikijua wanaume wote wameshakwenda machungani. Kumbe ndama mmoja alikuwa ametoroka. Baba mkwe alirudi akimfuata, akainua macho, akanikuta. Sikuwa na hata kanga. Fimbo ilimdondoka na hakuiokota. Aligeuka akaenda zake, ndama akabaki anakula maboga yangu.

Jioni ugali niliompelekea kupitia kwa mama mkwe ulirudi haujaguswa. Kesho yake hivyohivyo. Ndipo mama mkwe akaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, mzee hali chakula chako. Nimemuuliza, amenyamaza. Kumetokea nini?"

Nilimweleza huku nimeinamisha kichwa. Akasema, "Mwite mume wako."

Mume wangu alipojua, alitazama dirisha, si mimi.

"Nimelibeba toka Sirari, mama."

"Najua. Ling'oe."

Aling'oa fremu kwa mtaimbo mbele ya ndugu zake. Hawakuambiwa sababu, lakini kila walipokohoa niliona wanajua. Akaziba tundu kwa miti na fito. Mimi nilikanyaga udongo na samadi, nikampa bonge moja moja, naye akakandika.

"Ungelifunga tu," aliniambia mara moja, kwa sauti ya chini. Nikampa bonge jingine.

Siku ile mzee alikula. Lakini kiraka kilikauka kikawa cheusi kuliko ukuta, na wageni wakawa wanauliza. Mume wangu aliwaambia mchwa walikula mbao. Mimi nilikuwa naondoka, nasingizia kuni.

Mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo. Wanangu walikulia mapajani pake, akawapenda. Mimi nikisikia kikohozi chake, nilikuwa nazunguka mbali kuliko mila ilivyonitaka. Siku ya maziko yake wanawake waliitwa wapite kumuaga. Nilibaki jikoni, nikasema ugali utaungua.